Kukata Rufaa ya Adhabu Si Kukana Kosa



Kijana wa kigango akihukumiwa kifungo, maneno nje ya kanisa huwa mafupi. "Si alikiri mwenyewe? Sasa rufaa ya nini?" Ukikaa Mungaa, au Makiungu, au Ikungi penyewe, utayasikia, na hayasemwi na watu wabaya. Husemwa na wazee wa kanisa, na kina mama wa WAWATA, na wakati mwingine na baba mzazi wa kijana. Nyuma yake kuna wazo kwamba anayekata rufaa anarudisha ulimi wake, na kwamba Mkristo aliyekosa kweli abebe alichopewa na anyamaze. Ninaandika kulipinga wazo hilo, kwa sababu linawagharimu watu miaka.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Mtu aliyekiri kosa kwa hiari na kwa kuelewa hawezi kugeuka akapinga hatia yake. Lakini sheria hiyo hiyo inamwachia mlango wa pili wazi: anaweza kukata rufaa kuhusu uhalali wa adhabu au ukubwa wake. Kwa hiyo mtu aweza kusimama mbele ya Mahakama ya Rufani akasema, "Nilitenda, nakubali, najuta, ila miaka niliyopewa imezidi." Hakuna uongo ndani ya maneno hayo.

Imezidi nini? Hapo ndipo pa kueleza kidogo. Sheria nyingi za makosa huweka ukomo wa juu tu. Kuua bila kukusudia, kwa mfano, adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji anachagua. Miaka mingi uchaguzi huo ulitofautiana mno. Kosa linalofanana lilimpa huyu miaka 3 na yule miaka 20. Mwaka 2023 Mahakama ya Tanzania ikatoa Mwongozo wa Utoaji Adhabu. Wenzetu walikuwa wametangulia: Uganda mwaka 2013, Kenya mwaka 2016. Mwongozo wetu unagawa makosa katika ngazi za uzito. Kwa kuua bila kukusudia, ngazi ya juu inaanzia miaka 10 hadi maisha, ya kati ni miaka 4 hadi 10, na ya chini haizidi miaka 4 na inaweza kuishia katika kuachiliwa kwa masharti. Jaji kwanza anatafuta kosa liko ngazi gani: silaha ilikuwa nini, mapigo mangapi, nani alianza, marehemu alikuwa mtoto au mtu mzima, mshitakiwa alikimbia au alimpeleka mwenzake hospitali. Kisha anaangalia mtu aliye mbele yake: umri, rekodi yake, kukiri kwake, majuto yake, muda aliokaa mahabusu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa ni wa aina tunayoijua. Vijana wawili wanagombana kilabuni jioni ya mavuno ya alizeti. Mmoja anachukua fimbo aliyokuwa akichungia, anapiga mara moja, mwenzake anaanguka. Yeye mwenyewe anatafuta pikipiki kumpeleka hospitali. Baada ya siku 4 mwenzake anafariki. Kijana anashitakiwa kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana, anakaa mahabusu miaka 3. Shitaka linapunguzwa kuwa kuua bila kukusudia, anakiri siku ya kwanza anaposomewa. Anapewa miaka 15, na katika hukumu hakuna mahali palipotajwa ngazi ya kosa, wala ile miaka 3, wala ile safari ya hospitali.

Je, kuvuka miaka 10 pekee kunatosha kushinda rufaa? Hapana, na ni vizuri kulisema hili mapema ili tusiwape watu matumaini ya bure. Mwongozo haumfungi jaji kama sheria ya Bunge inavyomfunga. Hata Marekani, nchi iliyowahi kuwabana majaji wa mahakama zake za shirikisho kwa majedwali ya miezi, Mahakama yake ya Juu iliamua mwaka 2005 kwamba majedwali hayo ni ya kushauri tu. Jaji anayevuka kiwango anatakiwa aseme kwa nini, na sababu ikiwa nzuri rufaa itaanguka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia kwa miongo kadhaa kwamba haitaigusa adhabu ya mahakama ya chini eti kwa sababu tu yenyewe ingetoa pungufu. Itaigusa ikiwa adhabu ni kubwa kupita kiasi kwa namna inayoonekana wazi, au ni ndogo mno, au ni kinyume cha sheria, au imejengwa juu ya kanuni isiyo sahihi, au jaji aliacha jambo la maana lililopaswa kupimwa, au alipima jambo lisilohusika. Kijana wa mfano wetu ana hoja, lakini hoja yake haiishii kwenye hesabu ya 15 kutoa 10. Hoja ni ukimya wa hukumu juu ya mambo ambayo kila hakimu anajua anapaswa kuyapima: kukiri mapema, ambako kwa desturi ya mahakama zetu kunaweza kupunguza adhabu hata kwa theluthi moja, kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, na muda wa mahabusu.

Sasa niwageukie mafrateri wenzangu, maana sisi tunaosomea kuungamisha watu hatuna udhuru wa kutolielewa hili. Kanuni ya 981 ya Sheria za Kanisa inamtaka muungamishi atoe malipizi yanayofaa, kwa kadiri ya aina na idadi ya dhambi, huku akizingatia hali ya mwenye kutubu. Ukiisoma polepole utaona ni kipimo kile kile: uzito wa kosa kwanza, kisha mtu. Na walimu wa maadili wamefundisha siku zote kwamba muungamaji aliyepewa malipizi asiyoyaweza anaruhusiwa kuomba abadilishiwe. Hakuna padre anayemjibu, "Kumbe hujatubu." Kanuni ya 1346 inaruhusu jaji wa Kanisa, pale makosa yakiwa mengi na adhabu zikijumlishwa zikaonekana kuzidi, azipunguze kwa busara. Kanuni ya 1353 inakwenda mbali zaidi ya serikali: rufaa dhidi ya adhabu ya Kanisa inasimamisha adhabu hiyo mpaka rufaa iamuliwe. Mfungwa wa Gereza la Singida hana bahati hiyo. Yeye anatumikia kifungo huku akisubiri, isipokuwa mahakama ikubali kumpa dhamana.

Katekisimu, namba 2266, inaipa mamlaka halali haki na wajibu wa kutoa adhabu inayolingana na uzito wa kosa. Wengi wetu tunashika nusu ya kwanza ya fundisho hilo, ile ya haki ya kuadhibu, na kuiacha ya pili. Neno "inayolingana" halikuwekwa kwa mapambo. Ukisema adhabu ilingane, umeshasema pia kwamba isiyolingana iweze kurekebishwa na mtu fulani, mahali fulani.

Na Maandiko? Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inaruhusu mkosaji apigwe viboko kwa kadiri ya kosa lake, ila visizidi 40, na sababu inayotolewa inashangaza: akipigwa kupita hapo, ndugu yako atakuwa amedharauliwa machoni pako. Mkosaji, baada ya kuthibitika kosa lake, bado anaitwa ndugu. Baadaye Wayahudi walipunguza kimoja wasije wakakosea kuhesabu, ndiyo maana Mtakatifu Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anakumbuka kupigwa mara 5 viboko 40 kasoro kimoja. Ni Paulo huyo huyo ambaye katika Matendo ya Mitume sura ya 25 anasimama mbele ya Festo. Anasema kwamba kama ametenda jambo linalostahili kifo, hakatai kufa. Halafu, katika pumzi hiyo hiyo, anakata rufaa kwa Kaisari. Najua kesi yake haikuwa ya adhabu kuzidi, na yeye hakuwa na hatia. Lakini angalia mpangilio wa maneno yake: kukubali adhabu ya haki na kudai mahakama ya juu zaidi vimekaa pamoja kinywani mwa mtume, wala havigombani.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu kuliko hilo la kitubio. Ni la familia ya marehemu. Tuseme mama wa yule aliyekufa anasali kigango kimoja na mama wa aliyefungwa. Anasikia parokia inamsaidia muuaji wa mwanawe kupunguziwa miaka. Ataona nini? Ataona kwamba maisha ya mwanawe yamepigwa bei. Sina jibu la kumfuta machozi, na asiye na jibu asijifanye analo. Ninachoweza kusema ni hiki: parokia ikiwa haijawahi kupiga hodi kwa mama huyu, haina uso wa kwenda kupiga hodi gerezani. Aanze kutembelewa yeye. Aelezwe na mtu anayemheshimu kwamba rufaa haitasema mwanawe hakuuawa, na kwamba kama adhabu ingekuwa ndogo mno, Mkurugenzi wa Mashtaka naye angeweza kwenda juu kuipinga. Mlango huo ni wa pande mbili.

Pande mbili, kweli. Hii ndiyo sehemu ambayo wanaharakati wengi huiruka, na mfungwa akaja kulia baadaye. Mahakama ya rufaa ina uwezo wa kupunguza adhabu, na ina uwezo wa kuiongeza. Kuna makosa ambayo Bunge limeyawekea kima cha chini, na hapo mwongozo hausaidii kitu, kwa kuwa hakimu hana ruhusa ya kushuka. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30. Wizi wa mifugo, kosa la kwetu kabisa huku kwa wafugaji, unaanzia miaka 5. Mtu aliyepewa chini ya kima hicho kwa makosa ya hakimu, akikata rufaa akilalamikia ukubwa wa adhabu, anaweza kurudi gerezani na miaka mingi kuliko aliyoondoka nayo. Ndiyo maana mtu wa kwanza kuona karatasi zake awe anayejua sheria, hata kabla ya sisi kuanza kumtia moyo kwa sala.

Wengi watakumbuka kisa cha mama wa Iringa. Novemba 2022 alihukumiwa miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala, nyama iliyothaminishwa kwa shilingi 900,000. Nchi nzima ilipiga kelele kwamba adhabu imezidi. Lakini sheria zinazohusu nyara za serikali zinaanzia miaka 20 kwa kosa kama hilo, hivyo rufaa ya ukubwa wa adhabu peke yake ingemwondolea miaka 2 tu, hata kama angeshinda. Februari 2023 Mahakama Kuu ikamwachia huru, kwa maana hatia yenyewe iliondolewa. Kelele zetu zilikuwa juu ya miaka. Ukombozi wake ulikuja kwa mlango mwingine. Msaidizi mzuri anauliza kwanza ni mlango upi. (Kama sheria yenyewe ya miaka 20 kwa kitoweo ni ya haki, hilo ni swali la kuwauliza wabunge, nami nina maoni yangu, ila si ya leo.)

Jambo ninaloliomba kwa parokia zetu linahusu siku. Mtu aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 10 tu tangu hukumu kutoa notisi kwamba anakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu. Halafu ana siku 45 kuleta rufaa yenyewe pamoja na sababu zake, na muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu, kama kijana wa mfano wetu, ana siku 30 kutoa notisi kwenda Mahakama ya Rufani. Aliyeko gerezani hahitaji kusafiri: anamkabidhi mkuu wa gereza, naye ndiye mwenye wajibu wa kuzifikisha karatasi. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa ueleze sababu ya maana, na "sikujua" mara nyingi haitoshi.

Hebu tujipime kwa siku hizo 10. Utume wetu kwa wafungwa una majira yake. Tunakwenda Kwaresima, tunakwenda Noeli, tunapeleka sabuni, sukari, dawa ya meno, tunaimba, padre anaadhimisha Misa, tunapiga picha nje ya geti, tunarudi. Sidharau sabuni, aliyekaa mahabusu anajua thamani yake. Lakini mtu aliyehukumiwa mwezi Juni, tukimfikia Desemba na sukari, tumemfikia akiwa amechelewa zaidi ya miezi 5. Hizo siku 10 za kwanza ndizo ambazo haelewi yuko wapi, ndugu zake wamerudi kijijini kutafuta nauli, na wakili aliyepangiwa na mahakama amemaliza kazi yake na kwenda kwenye kesi nyingine. Ziara moja fupi ndani ya siku hizo, ya katekista na mtu mmoja anayejua kuandika vizuri, ina uzito kuliko kwaya nzima ya Noeli. Wanakwaya wataniwia radhi.

Na hapo mafrateri tuna kazi inayotufaa. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hilo ni jema, lakini hukumu nyingi bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Mungaa aliyeuza mbuzi kufuatilia kesi ya mwanawe anapewa karatasi 14 asizoweza kuzisoma. Sisi tunaweza. Wakati wa likizo tunapokuwa parokiani, kumkalisha mama huyo chini na kumsomea kwa Kiswahili, au kwa Kinyaturu kama ndicho anachokisikia vizuri, kwamba jaji alisema hivi juu ya mwanao, na juu ya hili hakusema kitu, ni utume halali. Hatuwi mawakili kwa kufanya hivyo, wala tusijifanye. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hiyo bila malipo. Kazi yetu ni kumfikisha mama kwao akiwa anajua swali lake.

Kazi nyingine ni ya mapema zaidi, kabla hata ya hukumu, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mahakama ya rufaa inasoma kumbukumbu za mahakama ya chini. Jambo ambalo halikusemwa kule, ni vigumu sana kulisema juu. Mshitakiwa anapoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, kwa kawaida anasema anaomba huruma, ana mke na watoto wanamtegemea, basi. Hakimu ameyasikia maneno hayo mara elfu. Hajui kwamba kijana huyu ndiye aliyempeleka mwenzake hospitali, au kwamba wazee wa pande mbili wamekaa na familia zimeanza kusalimiana. Anayeyajua hayo ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, na mwenyekiti yuko shambani siku ya kesi. Barua yake, ikipitia kwa wakili na kuingia katika kumbukumbu, inaweza kuwa ndiyo sababu ya rufaa miezi 8 baadaye: hili lilisemwa, na halikupimwa.

Kwa kuanzia, haihitajiki kamati mpya. Tunazo za kutosha. Kwenye ubao wa matangazo wa kila kigango, pale panapobandikwa ratiba ya mafundisho ya ubatizo na majina ya wanaotaka kufunga ndoa, pabandikwe karatasi moja: siku 10, siku 30, jina la mahakama inayohusika na kila moja, na namba ya simu ya msaidizi wa kisheria aliye karibu. Mwenye jumuiya akisikia kwamba mtu wake amehukumiwa Jumatatu, amwambie katekista siku hiyo hiyo asingoje Jumapili, maana Jumapili ni siku ya sita.